Wasifu wa Kazi Huanzia Kwenye Tangazo

Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma nchini Tanzania yana mpangilio usiobadilika sana: kada na idadi ya nafasi, majukumu ya kazi, sifa za mwombaji, ngazi ya mshahara, kisha masharti ya jumla. Kati ya masharti hayo, mwombaji hutakiwa kuambatisha maelezo binafsi yanayojitosheleza, yenye anwani, namba za simu na majina ya wadhamini watatu. Kampuni na mashirika binafsi nayo hutenganisha majukumu na sifa vivyo hivyo. Hata hivyo, waombaji wengi huishia kwenye sifa. Wakishaona cheti chao kimetajwa, hutuma CV ile ile waliyokwisha kuituma kwingine. Sifa huonyesha nani anaruhusiwa kuomba. Majukumu huonyesha nani anatafutwa. Wasifu wenye nguvu huandikwa kuyajibu majukumu, moja baada ya jingine.

Tuchukue kada ya Msaidizi wa Kumbukumbu. Majukumu yake ni pamoja na kutafuta mafaili yanayohitajiwa, kudhibiti upokeaji na uandikishaji wa nyaraka, na kuziorodhesha kwa makundi. Mwombaji anayejieleza kuwa mchapakazi, mwaminifu na mwenye kujituma hajagusa hata jukumu moja kati ya hayo. Tena maneno hayo kila mtu anaweza kuyaandika. Mfano wa sentensi inayojibu ni huu: “Niliorodhesha mafaili 400 ya ardhi katika masijala ya halmashauri na kuyapanga kwa kata.” Hapo pana kitendo, kiasi, mahali na matokeo, na kila kimojawapo kinaweza kuulizwa kwenye usaili au kuthibitishwa na mdhamini. Sentensi kama hizo zikitangulia, msomaji mwenye rundo la maombi mezani hahitaji kukisia.

Wapo watakaosema kwamba mhitimu hana uzoefu wa kuuandika kwenye wasifu. Lakini mafunzo kwa vitendo, kazi ya kujitolea na hata kutunza hesabu za kikundi cha akiba ni kazi zilizofanyika, mradi zielezwe kwa kitendo na kiasi. Wengine huona kuwa kuufuata mwongozo wa tangazo ni kukaribisha uongo. Kuchagua ukweli unaohusika si kubuni, na kubuni huweza kubainika hata baada ya mtu kuajiriwa: uhakiki uliotangazwa Aprili 2017 ulibaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi.

Pingamizi zito zaidi ni la kujuana. Ni kweli zipo nafasi zinazopita mlango huo, na hakuna wasifu utakaouziba. Lakini hata anayekupeleka kwa mkubwa wake huombwa CV yako, na mjumbe wa jopo anayetaka kumtetea mwombaji asiyejulikana na mtu hana silaha nyingine ila maandishi yaliyo mbele yake. Kwa sababu hiyo, maandalizi hayapaswi kungoja tangazo. Anayehifadhi idadi, tarehe na majina ya wasimamizi wake angali kazini au mafunzoni ndiye atakayekuwa na cha kuandika siku nafasi itakapotangazwa.