Na Wote Wanaonifahamu

Darasani kwetu, tukijadili fasihi, salamu za redio hutajwa kwa kicheko: maneno yaleyale, mtu yuleyule "mzima wa afya", wimbo, basi. Mimi nazitetea. Tunazihukumu kwa macho, na hazikutungwa kwa ajili ya macho.

Chukua kadi ya salamu ya enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, ya kupelekwa kwenye vipindi kama Mchana Mwema au Jioni Njema. Kijana wa Njombe ameshapita Makambako, panapokutana reli ya TAZARA na barabara ya Songea, na sasa yuko mbali. Krismasi inakaribia. Anajaza jina lake, mahali alipo, anaowasalimu, ujumbe. Ujumbe ndio sehemu dhaifu. Mara nyingi ni methali ya kuazima. Kazi yote iko kwenye majina. Nani atangulie, mama au mke? Baba mkubwa wa Makambako akitajwa baada ya rafiki wa kijiweni, kutakuwa na maneno. Ndiyo maana kuna kile kifungu cha mwisho, "na wote wanaonifahamu". Humsitiri mwandishi kwa aliowasahau na, nadhani, kwa yule mmoja asiyethubutu kumtaja hadharani. Shangazi yangu anasema redio iliwekwa dirishani ili walioko uani nao wasikie, na ujumbe ulipoanza kusomwa watu walikuwa wamesharudi kwenye mazungumzo yao.

Mabaharia wamenisaidia kulielewa hili. Ujerumani, tangu 1953, redio ya kaskazini hurusha kila mkesha wa Krismasi kipindi kiitwacho Gruß an Bord, cha salamu kati ya familia na mabaharia walioko safarini. Nyingi hurekodiwa siku kadhaa kabla. Mama anayemwambia mwanawe kwamba anamwaza usiku huu, hakulisema usiku huu. Kadi yetu nayo ilipita posta, ikasubiri zamu. "Mimi mzima" maana yake nilikuwa mzima siku ile nilipoandika. Msikilizaji alilijua hilo na akafurahi vilevile. Hadithi ngapi tunazozisoma darasani zinaaminiwa kiasi hicho?

Kasoro ipo, na si ndogo. Salamu haiulizwi swali. Zama za mkoloni wanaume wengi wa Ubena, Ukinga na Upangwa walikwenda kuwa manamba kwenye mkonge wa Tanga, na wapo ambao hawakurudi. Redio ilipokuja kuenea, ilimpa mtu kama huyo njia ya kuonekana yupo: jina lake lingeweza kusikika kila Krismasi, na nyumbani wasijue kwa nini harudi wala nani anamlea sasa. Wanaoililia redio ile hawaligusi hili.

Desemba iliyopita ukoo wetu ulitumiana picha ya mshumaa kwa WhatsApp, ileile, mara tisa. Shangazi aliikuza kwa vidole, akatafuta jina lake kila pembe, kisha akaniuliza imeandikwa kwa nani.