Fundi wa Majabali ya Cape Town

Ukitaka kumjua mzoefu wa kutalii Cape Town kwa simulaita ya ndege, tazama anakoanzia. Huanza kaskazini, juu ya ghuba, akateremka kusini na pwani ya Atlantiki: Sea Point, Clifton, Camps Bay, kisha safu ya Twelve Apostles mpaka Hout Bay. Rubani huketi kiti cha kushoto, na kwa mwelekeo huo milima yote humpitia dirishani kwake. Huruka alasiri, jua likiwa magharibi, ili majabali yapate mwanga usoni. Cessna 172 inatosha, kwa kuwa bawa lake liko juu ya chumba na haliwafichi walio ndani kilicho chini. Mwendo wa noti 90, kimo cha futi 1,500, na ukuta wa mawe unabaki juu yako, hauko chini yako. Hapo ndipo raha ilipo.

Ila ukuta huo kuna aliyeujenga, na ujenzi wake si mchezo.

Kazi huanzia kwenye vipimo vya mwinuko. Mwezi Februari 2000 chombo cha anga cha Endeavour kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikipima mwinuko wa nchi kavu kwa rada. Kwa miaka mingi, nje ya Marekani, vipimo hivyo vilitolewa kwa nukta zilizoachana mita 90 hivi. Baadaye zikasogezwa hadi 30. Tambarare haidai zaidi ya hapo. Lakini Table Mountain, yenye urefu wa zaidi ya mita 1,080, ina kilele bapa kinachokatika ghafla. Kompyuta, ikikuta nukta moja juu na ya pili chini kabisa, huziunganisha kwa mstari, na genge likageuka mteremko wa kawaida. Lion's Head, mita 669, hupoteza ncha yake ikawa kichuguu.

Rangi nayo ina taabu zake. Picha ya satelaiti hupigwa kutoka juu, na jabali lililosimama wima likionekana kutoka juu ni uzi tu. Uzi huo ukitandazwa kwenye mamia ya mita, hutoka michirizi, kama ukuta ulionyeshewa kabla rangi haijakauka.

Fundi mzuri hukataa hali hiyo. Hutafuta picha zilizopigwa ubavuni, akalichonga jabali upya, tabaka kwa tabaka. Hujua kwamba pale Chapman's Peak barabara iliyofunguliwa mwaka 1922 inafuata mahali mwamba-mchanga ulipolalia itale, basi rangi ya mwamba lazima ibadilike papo hapo. Ninayemvulia kofia zaidi ni yule anayefuta vivuli. Huku kusini jua hukaa upande wa kaskazini, kwa hiyo kila picha huja na mabonde yaliyotiwa weusi upande wa kusini. Asipoufuta, jioni mlima utakuwa na vivuli viwili vinavyogombana. Akimaliza kazi hiyo, hakuna atakayeiona.

Kilichobaki kuwashinda mafundi, kwa macho yangu, ni wingu. Upepo wa kusini-mashariki wa kiangazi huipandisha hewa yenye unyevu mlimani, ikapoa, ikawa wingu linalofunika kilele na kumwagika ukingoni kuelekea mjini, kisha likayeyuka likishuka. Data za hali ya hewa hugawa anga kwa miraba ya kilomita nyingi, na kilele chenye kilomita tatu hivi ndani ya mraba huo ni kama hakipo. Wapo wanaolipachika kama kitu cha kudumu. Linakaa tu, halimwagiki.

Upepo wenyewe, hata hivyo, wameupata. Simulaita za leo hukokotoa jinsi hewa inavyopanda na kushuka milimani, na siku ya upepo huo ndege ndogo ikipita Camps Bay karibu na ukuta husukumwa chini kweli kweli. Ongeza futi 500, sogea baharini, halafu ndipo utazame dirishani.