Mkono Uliovunjika Haukuchonga Kitu

Ukitaja uchongaji pale Nyanchwa, Kisii, mtu anawaza jiwe: jiwe la sabuni kutoka Tabaka, laini, linalokubali kisu. Elkana Ong'esa aliufikisha uchongaji wa Wakisii hadi UNESCO, Paris. Lakini mti una mambo yake. Una mafundo, una nyufa, na mpingo ni mzito hadi unazama majini. Ndiyo maana safari ya Samaki Likankoa inafaa kusomwa upya.

Samaki alikuwa Mmakonde kutoka Msumbiji, akichonga Dar es Salaam. Hadithi inayorudiwa kila mahali ni hii: karibu mwaka 1959, sanamu yake ya binadamu ilivunjika mkono, na kutokana na ajali hiyo, kwa mfanyabiashara Mohamed Peera, ukazaliwa mtindo wa shetani. Viungo vilivyopinda, tumbo lililovimba, jicho pasipotarajiwa.

Hadithi tamu, lakini inamnyima fundi haki yake. Kwani ni sanamu ngapi zimevunjika mkono? Nyingi zilitiwa gundi au zikaishia motoni. Samaki aliangalia kilichobaki akaona umbo. Tena hakuanzia patupu: Wamakonde walikuwa na masimulizi ya mashetani tangu zamani, viumbe wasiolazimika kuwa na mikono miwili. Ajali ilifungua mlango tu, bana. Kuingia alijiingiza mwenyewe.

Tazama tofauti kwenye mti wenyewe. Katika mtindo wa binadamu, gogo linalazimishwa kuwa mzee anayevuta kiko. Katika shetani, tezo inafuata pindo la mti. Mguu unarudi mwilini, tundu linakuwa mdomo. Baadaye mtindo wa mawingu ukaenda mbali zaidi, hata uso ukayeyuka.

Peera naye ana sehemu yake. Alinunua kitu ambacho bado hakikuwa na soko. Hapo ndipo tunaguswa sisi. Fundi anayechonga twiga mia moja hajakosa mawazo; twiga ndiye analipa karo. Tukisimama mbele ya umbo lisilo na jina, swali letu la kwanza huwa "hii ni nini?", la pili "bei gani?", kisha tunachukua twiga. Halafu tunalalamika ati wachongaji wetu wanarudia kitu kimoja.