Maneti ya bei ya chini: taa nyekundu haitoshi

Muuzaji wa maneti, yaani vidhibiti vya michezo ya kompyuta, mjini Lubumbashi ana jaribio moja tu. Anachomeka waya kwenye kompyuta, taa nyekundu inawaka katikati ya maneti, anakutazama. "Papa, si unaona? Inatumika." Kweli umeme wa volti 5 umefika ndani. Kama utaweza kupiga kona au kukata kona na gari, hilo taa haijui.

Maneti ninayoizungumzia haina jina. Inauzwa chini ya dola 10, imefungwa kwenye plastiki, umbo lake limeigwa kwa PlayStation, na utaikuta soko la Mzee Kabila hadi vibanda vya komini ya Kenya. Swali langu lilikuwa jembamba: inamtosha nani? Kwa hiyo niliipima kwa michezo miwili iliyojaa kwenye laptopu za mtumba za hapa kwetu, PES 2013 na Need for Speed: Most Wanted ya mwaka 2005. Huo wa kwanza unaishi kwa vitufe, wa pili unaishi kwa kijiti.

Kabla ya mchezo wowote, kuna kipimo kilichomo ndani ya Windows yenyewe, wala hakili megabaiti hata moja. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, chagua maneti yako, fungua sifa zake. Utaona mraba wenye alama ndogo ya msalaba inayofuata kijiti, na taa zenye namba, moja kwa kila kitufe. Unaweza kuyafanya haya ukiwa bado mbele ya meza ya muuzaji. Akikataa, umeshapata jibu lako.

Kitu cha kwanza kutazama ni ile taa. Kwenye maneti nyingi za aina hii inahusiana na kitufe kilichoandikwa Analog. Taa ikizimika, kijiti cha kushoto kinageuka kuwa vishale tu: kushoto kabisa au kulia kabisa, hakuna katikati. Kijiti cha kulia nacho kinaanza kujifanya vile vitufe vinne vya upande wa kulia. Watu wengi wanairudisha maneti dukani wakilalamika kwamba imeharibika, kumbe kidole kilikigusa kitufe hicho bila wao kujua.

Taa ikiwa imewaka, sasa kijiti kipimwe kwa haki. Chini yake kuna vipimo viwili vya ukinzani, kimoja cha kushoto na kulia, kingine cha juu na chini. Ulimi mdogo wa chuma unatambaa juu ya utepe wa kaboni, volti inapanda na kushuka, na chipu inaigeuza volti hiyo kuwa namba, kwa kawaida kuanzia 0 hadi 255. Kikiachwa peke yake, kijiti kinapaswa kusoma karibu na 128. Kisukume hadi mwisho, kiachie ghafla, kisha rudia kutoka kila upande. Kwenye maneti niliyoipima, msalaba haukurudi mahali pamoja: ukitoka kushoto ulisimama pembeni kidogo, ukitoka kulia ulisimama kwingine.

Hilo peke yake si sababu ya kuikataa. Michezo inapuuza mwendo mdogo wa kijiti karibu na katikati. Kwa kijiti cha kushoto, Microsoft inapendekeza kupuuza hadi 7849 kati ya 32767, yaani karibu robo ya safari yote. Kasoro ndogo ya katikati inamezwa humo.

Kasoro isiyomezwa ni nyingine. Kijiti kilikuwa bado nusu ya safari chini ya kidole changu, lakini msalaba ulikuwa umeshagonga ukingo wa mraba. Nusu iliyobaki ilikuwa ya bure. Kwenye Most Wanted, maana yake usukani una hali mbili tu, umenyooka au umekunjwa wote, na gari linayumba barabarani kama limelewa. Nikahamia PES 2013: sikuona tofauti yoyote. Mchezaji anakimbia kwa kitufe, pasi ni kitufe, shuti ni kitufe, na mwelekeo hata vishale vya kidole gumba vinautosha.

Siku hizi zipo maneti ambazo vijiti vyake vinasomwa kwa sumaku, bila kitu kusugua kitu. Kanuni yake aliigundua Edwin Hall, Mmarekani, mwaka 1879, na Sega waliitumia kwenye maneti ya Dreamcast mwaka 1998. Kampuni kama 8BitDo na GameSir zimeziteremsha hadi bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kuifikiria. Sumaku inaondoa uchakavu wa utepe wa kaboni. Haimfanyi mtengenezaji mvivu awe makini katika kuisoma ile namba, kwa hiyo hata hizo zipime kwenye ule mraba.

Halafu kuna namna maneti inavyozungumza na mchezo. Xbox 360 ilipotoka mwishoni mwa 2005, Microsoft ilileta mfumo wa XInput, na michezo mingi iliyofuata inaielewa maneti ya namna hiyo peke yake. Maneti ya bei ya chini mara nyingi inajua DirectInput tu, ule mfumo wa zamani. PES 2013 haisumbuki, kwa sababu ina programu yake ya kupanga vitufe. Kwa michezo mipya utahitaji mkalimani kama x360ce, au Steam, ambayo nayo inataka akaunti na intaneti. Logitech F310 ilitatua jambo hili kwa swichi ndogo mgongoni yenye herufi X na D. Ukiikuta ya mtumba yenye vijiti vizima, usiiache.

Kuchelewa? Watu wanaogopa bure. Maneti ya waya inayosomwa mara 125 kwa sekunde inachelewa milisekunde zisizozidi 8 kwa sababu hiyo, na picha moja kwenye skrini ya kawaida inakaa karibu milisekunde 17. Mtetemo nao nauruka: bila draiva yake, mota hazikuwahi kuamka.

Waya ndio unaoniudhi. Katika mji uliojengwa juu ya shaba, tunauziwa waya wenye nyuzi chache za shaba, nyembamba kama nywele, na zinakatika palepale shingoni, waya unapoingia kwenye maneti. Habari njema ni kwamba fundi yeyote wa simu anaweza kukata kipande kile na kulehemu upya nyaya nne: nyekundu ya umeme, nyeusi ya ardhi, kijani na nyeupe za data. Maneti isiyo na waya haina ugonjwa huo, lakini ina betri, na betri ikichoka, kuipata nyingine ya kipimo kilekile ni kazi. Kwa mtu wa laptopu, waya una faida nyingine: shirika la umeme, SNEL, likikata umeme, maneti inakula kutoka kwenye betri ya kompyuta na mechi inaendelea.

Kwa mpenzi wa mpira, basi, maneti ya dola 10 inatosha, na hela iliyobaki inunue ya pili ili mashabiki wa Mazembe na Lupopo wakutane. Kwa mtu wa magari, haitoshi, na hakuna mpangilio utakaoiokoa. Anayenunua mbili azijue tabia zake: kwa kawaida hazina namba ya utambulisho, kompyuta inazitofautisha kwa matundu zilimochomekwa. Ukizichomeka kinyume, mchezaji wa kwanza anakuwa wa pili. Weka alama ya kalamu kwenye tundu na kwenye maneti kabla wageni hawajafika.