Utabiri wa Edison
Katika mwaka 1913 Thomas Edison, mvumbuzi mashuhuri wa Marekani, alitabiri kuwa picha za sinema zitaondoa vitabu shuleni, na kuwa mpango wa elimu utageuka kabisa katika miaka kumi. Miaka kumi ilipita, vitabu vilibaki. Bingwa kama yule alikosea kwa nini? Alipima nguvu ya chombo, akasahau kumpima mwanafunzi, ambaye hutaka kurudia ukurasa, kuuliza na kujibiwa. Tena mwenyewe alikuwa akiuza picha hizo, na mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Basi, msomaji, usikiapo leo kuwa kompyuta itamwondoa mwalimu, uliza: asemaye anauza nini, na mwanafunzi amepimwaje? Utabiri usiojibu hayo ni ramli.