Mistari Mitatu Juu, Mitatu Chini

Kipande kidogo kabisa cha kazi, kwa mafundi wa kiini cha Linux, huitwa kiraka. Fundi cherehani angelielewa jina hilo bila kufafanuliwa. Kiini ni ile programu inayokaa kati ya mashine na kila kitu kingine: inagawa kumbukumbu, inasoma diski, inapokea mguso wa kidole kwenye kioo. Kila simu ya Android imekibeba. Linus Torvalds alikitangaza Agosti 1991, akiwa mwanafunzi Helsinki. Sasa toleo jipya hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi, likiwa na mabadiliko zaidi ya 10,000 yaliyoandikwa na watu zaidi ya 1,500, wengi wao hawajawahi kuonana. Wanafanya kazi hadharani, kwa hiyo asiyejua kuandika hata mstari mmoja wa programu anaweza kukaa pembeni akatazama. Nami nimekaa pembeni mara nyingi.

Kiraka husafiri ndani ya barua pepe ya maandishi matupu, bila rangi wala kiambatisho. Kichwa cha barua kinataja sehemu inayoguswa, kisha kitendo, kwa kuamrisha: rekebisha hiki, ondoa kile. Chini yake fundi anaeleza ugonjwa kabla ya kutaja dawa. Ndipo unaanza msimbo wenyewe. Mstari unaoondolewa hutanguliwa na alama ya kutoa, unaoingia hutanguliwa na alama ya kujumlisha, na juu yake huachwa mistari mitatu isiyoguswa, na chini mitatu.

Mistari hiyo sita ndiyo iliyonivutia kwanza. Kati ya siku kiraka kilipoandikwa na siku kitakapopachikwa, watu wengine wamelishika faili lilelile. Mstari uliokuwa wa 210 huenda sasa ni wa 245. Programu ya kupachika haing'ang'anii namba. Inawatafuta majirani, ikiwakuta inashona hapohapo. Ni kama kumwelekeza mgeni Kariakoo: namba ya nyumba haimsaidii, msaidie kwa duka la vitenge na kona ya muuza kahawa.

Baada ya maelezo huja vistari vitatu. Kilicho juu yake kitabaki katika historia ya kiini miaka yote. Kilicho chini, kabla ya msimbo, ni mazungumzo ya leo tu: nimebadilisha nini tangu jaribio la pili, nani alinikosoa, wapi sijaridhika. Kiraka kikipachikwa, maneno hayo ya chini hukatwa. Sijui waandishi wangapi wa magazeti, mimi nikiwamo, wangeweza kutenganisha vitu hivyo viwili kwa usafi namna hiyo.

Kiende kwa nani? Ndani ya msimbo kuna faili linaloorodhesha kila sehemu na mtunzaji wake, pamoja na hali ya sehemu hiyo. Nyingine inatunzwa na mtu anayelipwa kwa kazi hiyo, nyingine hupata matengenezo ya hapa na pale tu. Isiyo na mtunzaji huandikwa neno moja: yatima.

Mtunzaji ndiye ninayemtazama zaidi. Anasoma kiraka cha mtu asiyemjua, aliyelala wakati yeye ameamka, na anajibu katikati ya maandishi, mstari kwa mstari. Hapa umeshika kufuli lakini ukitoka kwa njia ya makosa hulifungui. Jina hili halisemi kitu. Umetengeneza mambo mawili kwa kiraka kimoja, yatenganishe. Mwandishi anarudi na jaribio la pili, la tatu, pengine la saba. Katika la saba mtunzaji anasoma tena tangu mwanzo, maana kosa linaweza kuwa limeingia na marekebisho yenyewe. Mwisho anajibu kwa ufupi unaoweza kumkatisha tamaa mgeni: nimekipokea, ahsante.

Wageni wengi hukasirishwa na agizo la kutenganisha, lakini lina sababu yake. Kila kiraka, kikiwa peke yake, lazima kiache kiini kikijengeka na kufanya kazi. Siku hitilafu itakapozuka, mtu atachukua toleo zima la jana lililo na mabadiliko 10,000, alipasue katikati, ajaribu, ajue ugonjwa uko nusu ipi, apasue tena. Kwa majaribio takriban 14 anakifikia kiraka kimoja chenye kosa. Kiraka kikiwa kidogo, ataliona kosa kwa macho. Kikiwa gunia la mambo kumi, kazi ndiyo kwanza inaanza.

Sitaki kuwafanya malaika. Kwa miaka mingi ukali ulikuwa sehemu ya kazi hii, na Torvalds mwenyewe alijulikana kwa majibu ya kuchoma. Septemba 2018 aliomba radhi hadharani, akapumzika kwa muda, na mradi ukapitisha kanuni mpya za mwenendo.

Kiraka kilichokubaliwa hupanda kutoka mkono hadi mkono. Mtunzaji wa kifaa kidogo anakipeleka kwa mtunzaji wa sehemu kubwa, naye kwa Torvalds, na kila anayekipachika njiani huongeza jina lake chini ya lililotangulia, kwa mfuatano. Desturi hiyo ya sahihi ilianza 2004, baada ya kampuni ya SCO kufungua kesi juu ya asili ya msimbo wa Linux. Mwaka uliofuata mafundi wa kiini walipoteza ruhusa ya kutumia bila malipo chombo walichotegemea kutunzia historia yao, BitKeeper. Torvalds akaketi Aprili 2005 kuandika cha kwake, na katika muda wa wiki chache kilikuwa kinafanya kazi. Ndicho Git, ambacho leo karibu kila mwandishi wa programu anacho kwenye kompyuta yake.

Kabla ya kufika juu, matawi ya watunzaji, yaani mikusanyo ya viraka walivyovipokea, hukutanishwa kwanza katika tawi la majaribio. Stephen Rothwell, wa Australia, alilianzisha 2008 na kuliendesha kwa miaka mingi: kila siku ya kazi alichukua mamia ya matawi, akayaunganisha kwa mpangilio, akajenga, na palipogongana akawaandikia wahusika wote wawili barua ya kueleza wamekanyagana wapi. Kesho yake akaanza upya. Kazi hiyo haina shangwe, na kwangu mimi ndiyo iliyo bora kuliko zote katika mradi huu.

Kisha dirisha hufunguliwa. Kwa wiki mbili Torvalds hupokea mambo mapya, halafu analifunga, na kuanzia hapo huingia marekebisho tu. Kila Jumapili hutoka toleo la majaribio: la kwanza, la pili, kwa kawaida hadi la saba. Asiyewahi husubiri dirisha lijalo, hata kama kiraka chake ni kizuri.

Git huonyesha saa ya kila badiliko kwa saa ya pale mwandishi alipo, na kando yake tofauti na saa ya dunia. Ukiteremka ndani ya historia unaona +0530 ya India, -0700 ya California wakati wa kiangazi, +0900 ya Japani. Wa Nairobi au Dar es Salaam angeandikwa +0300. Torvalds akitoa toleo lake Jumapili alasiri huko Oregon anakoishi, huku kwetu huwa imeshapita saa sita usiku, na ni Jumatatu. Wakati huo watunzaji wengi wameshatuma maombi ya viraka vyao kupokelewa katika toleo linalofuata.