Siti Inayomshika Dereva: Namna ya Kupima Kazi ya Ndani ya Altezza

Kazi ya fundi siti hupimwa kuanzia chini. Kabla hujasifia rangi, sogeza siti mbele hadi mwisho wa reli, inama nyuma yake, upapase pindo la kava pale linapoingia chini ya fremu. Ukikuta pete za waya zimepangwa kwa nafasi sawa, pindo limevutwa sawasawa pande zote na ncha za uzi zimefungwa, aliyeshona ni mtu anayeheshimu kazi yake hata pasipoonekana. Ukikuta gundi imetapakaa, kamba imepitishwa ovyo, na kona moja imeachwa kwa sababu kitambaa hakikutosha, usihangaike na huko juu. Juu patapendeza kwa miezi michache, kisha kava litaanza kukunjamana na kuteleza.

Nazungumzia Altezza kwa sababu hilo ndilo gari la spoti ambalo vijana wengi wa Tanzania walilipenda na wakaweza kulimiliki. Mengi ya humu yanafaa pia kwa Impreza, Celica au Mark II. Toyota ilianza kuiuza Altezza huko Japani Oktoba 1998 na ikaacha kuitengeneza 2005, kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote imeshavuka miaka 20. Kitambaa cha siti kimechanika ubavuni, upande ule dereva anaoukwangua kila anapoingia na kushuka. Usukani umekuwa laini na kung'aa kwa jasho la mikono ya watu wengi. Ule mfuko wa ngozi unaofunika shina la gia umepasuka kwenye mikunjo. Gari la namna hii lazima litaingia kwa fundi, na mwenye gari anayejua kupima kazi ndiye atakayetoka na kitu cha maana.

Sisi wa Misugusugu, mkoani Pwani, tuna mtihani wetu wa ziada, nao ni jua la barabara ya Morogoro. Anayeishi huku na kufanya kazi Dar es Salaam anaelekea mashariki asubuhi na magharibi jioni, yaani jua linampiga usoni kwenda na kurudi, tena katika barabara anayobanana na malori ya Zambia, Kongo na Rwanda. Ndiyo maana mimi dashibodi naipima kabla ya siti. Wapo wanaoivika reksini nyekundu au ya maziwa, wapo wanaoipaka mafuta ya silikoni mpaka inameremeta. Liegeshe gari likitazama jua la saa kumi jioni, kaa mahali pa dereva, tazama nje kupitia kioo cha mbele. Ukiona sura ya dashibodi inaelea kwenye kioo, kazi hiyo ni mbovu hata kama mishono yake imenyooka. Lori lililosimama ghafla bila taa za nyuma litajificha ndani ya mng'ao ule ule.

Dashibodi nzuri ni nyeusi au ya kijivu kizito, isiyong'aa. Magari ya mashindano hufunikwa kwa kitambaa chenye vinyweleo vifupi kwa sababu hiyo hiyo: kinaumeza mwanga. Alcantara, swedi ya bandia ambayo kampuni yake imekuwapo Italia tangu 1972, ilipendwa na watengenezaji wa magari ya spoti kwa sehemu kutokana na sifa hiyo. Swedi ya namna hiyo inafanya kazi nzuri juu ya dashibodi, ila usikubali iwekwe kwenye usukani wa gari linaloshinda joto la Pwani. Jasho na vumbi huigandisha, na baada ya muda mfupi unashika kitu kama zulia lililolowa.

Sasa siti zenyewe, ambako ndiko pesa nyingi huendea. Dereva wa rali Colin McRae aliposhinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, na Richard Burns aliposhinda ile ya 2000 kwa Impreza pia, walikuwa wamekaa kwenye siti zilizowabana mbavu na mapaja ili mikono ifanye kazi moja tu ya kuuendesha usukani. Dereva anayejishikilia kwa usukani kwenye kona hauongozi usukani huo, anaung'ang'ania. Siti ya spoti kazi yake ya kwanza ni kumshika dereva. Uzuri wa rangi unakuja baada ya hapo, na fundi asiyelielewa jambo hili atakushonea kochi la sebuleni ndani ya Altezza yako.

Hapo ndipo sponji inapoingia, na wenye magari wengi hawaiulizii kabisa. Mbavu za siti zinahitaji sponji nzito, ngumu, iliyokatwa kipande kimoja kufuata umbo la zamani. Fundi mwenye haraka huchukua mabaki ya godoro, akayapachika kwa gundi tabaka juu ya tabaka, kisha akafunika. Siku ya kwanza huwezi kutofautisha. Bonyeza ubavu wa siti kwa dole gumba kwa nguvu, hesabu hadi kumi, achia. Sponji nzuri inarudi papo hapo na kwa pamoja. Ya viraka inarudi kwa mafungu, na kidole kinahisi ukingo wa kila kipande. Kisha kaa. Kama kichwa kimekaribia paa kuliko zamani, au magoti yamepanda hata usukani unakuwa chini mno, fundi ameongeza sponji ya kukalia ili siti ionekane imenona. Ameharibu mkao ambao wahandisi waliufanyia kazi kwa muda mrefu. Kipimo cha mwisho ni safari. Toka Misugusugu, pita Maili Moja na Kiluvya. Siti mbaya itakuwa imejitambulisha kiunoni kabla hujafika Kibamba.

Kuhusu malighafi, tofauti ya ngozi na reksini haimo katika jina analokutajia muuzaji. Geuza upande wa nyuma. Ngozi ina nyuzinyuzi zisizo na mpangilio, kama manyoya yaliyobanwa. Reksini ina kitambaa kilichofumwa, unakiona kabisa. Simkatazi mtu reksini. Reksini nene, yenye kitambaa imara nyuma, ikishonwa vizuri, inashinda ngozi nyembamba iliyopakwa rangi nzito. Reksini ya bei rahisi ndiyo inayotia hasara: mafuta yanayoilainisha hugeuka mvuke kwa joto, yakaacha ukungu wenye harufu kwenye vioo, na yenyewe ikakauka na kupasuka. Chukua kipande, kikunje mara mbili, kibane kwa kucha, kisha kikunjue. Ikibaki alama nyeupe, kirudishe dukani.

Mahali ustadi wa kazi hii unapoonekana ni kwenye kuvisha. Nimemtazama fundi wa kando ya barabara hapa kwetu akianika kava juani kwa dakika chache mpaka likalainika, akafunika sponji kwa mfuko mwembamba wa plastiki ili kava liteleze bila kuisukuma, akalivuta polepole kuanzia kichwani, akisimama kila hatua kulinganisha mshono na ukingo wa mbavu. Mshono ulipokuja pembeni kidogo hakuubonyeza ili ukae. Alilivua kava lote akaanza upya. Huyo mpe gari lako.

Mshono nao una lugha yake. Simama mbele ya gari, tazama siti mbili za mbele kupitia kioo: mistari ya kushoto na ya kulia ianzie kimo kimoja na ipinde mahali pamoja. Kisha sogea karibu. Hatua ya sindano iwe kati ya milimeta 3 na 5 hivi, na isibadilike kwenye kona, kwa sababu hapo ndipo mkono wa fundi huchoka. Hatua fupi mno hutoboa ngozi mfululizo hata ikachanika kwenye mstari wa matundu. Omba kipande cha uzi, ukichome kwa kiberiti. Wa pamba unaungua na kuacha jivu lenye harufu ya karatasi; wa poliesta unayeyuka na kujikunja kidonge. Kwa jua letu chukua wa pili.

Ile mishono ya almasi iliyojazwa sponji, inayoonekana kwenye magari ya kifahari ya Uingereza, siipendi kwenye Altezza. Inavimbisha mahali panapotakiwa kushika, na vumbi la barabara hukaa kwenye kila kibonde. Anayeipenda aangalie pembe za almasi kwenye kingo: zikikatwa nusu upande mmoja na robo upande mwingine, fundi hakupima kabla ya kukata.

Jambo moja si la ladha. Gari lenye mfuko wa hewa ndani ya ubavu wa siti lina mshono maalumu pale, uliowekwa uachie mfuko unapofumuka. Kava linaloupita juu kwa uzi mnene linaufunga mfuko ndani. Muulize fundi ameshonaje hapo. Asipoelewa swali, mwondolee funguo. Vivyo hivyo kifuniko cha katikati ya usukani kisivikwe ngozi wala kisipakwe rangi. Ngozi ivikwe kwenye duara tu, na mshono wake ukae upande wa ndani, usigusane na viganja.

Paa, ambalo mafundi huliita rufu, lina swali moja: je, ile sponji ya zamani iliyogeuka unga ilikwanguliwa yote kabla ya gundi mpya? Kama haikukwanguliwa, kitambaa kitaning'inia. Zulia liinuliwe na bati lionekane kavu, hasa kama gari limepita masika. Harufu ya ukungu haifunikwi na manukato ya kuning'iniza. Nyaya za redio zipite zilikopita za kiwandani, zimefungwa, zisikwaruzane na reli za siti.

Zile saa za dashibodi ya Altezza, kubwa moja yenye tatu ndogo ndani yake, ziache zilivyo. Wanaobadili taa zake kuwa za buluu wanaiondoa sura iliyolitofautisha gari hili na mengine yote ya wakati wake. Kichwa cha gia cha chuma nacho ni cha kutunza, ingawa ukiliacha gari juani mchana kutwa kitakuunguza kiganja. Kitambaa kidogo juu yake kinatosha.

Ukishalipa, mwombe fundi mabaki: kipande cha reksini au ngozi upana wa karatasi, na kibunda cha uzi ule ule. Rangi ya bando moja la reksini mara nyingi hailingani sawasawa na ya bando lingine, na siku siti itakapotoboka utahitaji kiraka kilichotoka kwenye bando hilo. Makava ya zamani usiyaache kwake pia. Yakunje, yatie kwenye gunia kavu, yahifadhi. Ndiyo ramani ya vipimo vya kiwandani kwa fundi atakayefuata, na mnunuzi anayeijua Altezza atayaulizia.